Kipande cha Pili cha Kanga

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, meno yangu yakiwa bado yote kinywani, palikuwa na mzazi mmoja, Mwantumu, mama wa kitoto cha miezi mitano. Kitoto kikipewa titi hili, kinanyonya. Kikipewa lile, kinalia. Asubuhi kinalia, jioni kinalia.

Mama mkwe wake, Bi Chausiku, akalipapasa titi lile. Akakuta kitu kigumu kama kokwa ya zambarau.

"Maziwa yameganda hayo, mwanangu. Lete chanuo."

Akalipasha moto chanuo la mti, akalichana titi, kama sisi sote tulivyochanwa na mama zetu. Leo akachana. Kesho akachana. Wiki tatu akachana, kokwa haikuyeyuka. Asubuhi moja wakaona chuchu imeingia ndani, kama imevutwa kwa uzi. Bi Chausiku akalitupa chanuo motoni.

"Mwanangu, nimekosea. Haya si maziwa. Nenda hospitali."

Mwantumu akaketi chini. Mama yake mdogo alikwenda huko na titi kama hilo, akarudi amefunikwa shuka mpaka usoni.

"Siendi, mama. Nitafia hapa hapa."

Akaja wifi yake, Mashavu, na kicheko chake kikubwa.

"Wifi, usituchoshe! Jipu tu hilo. Nimeuliza, utapewa dawa ya kupaka, mchana tunakula nyumbani."

Hakuwa amemuuliza mtu. Akambeba mtoto, akatangulia. Mama akamfuata mwanawe, angefanyaje?

Huko hospitali wakakata kinyama kidogo cha titi, wakakipima. Walipoitwa tena, daktari akasema, "Ni saratani. Titi lote litolewe, na mapema."

Mwantumu akamgeukia wifi yake. "Jipu, eh?"

Akakimbilia nyumbani, akajifungia komeo. Siku mbili hakula. Alimtazama mtoto tu, akisema, "Huyu hata sura yangu hataikumbuka."

Akaja jirani, Mwajabu. Yeye na Mwantumu walikuwa hawasalimiani, kisa kuku aliyefukua mchicha.

"Fungua, mwenye kiburi wewe! Sikuja kwa ajili ya kuku."

Akafunguliwa. Akafungua kanga yake, kitambaa kilichokunjwa kikaanguka. Upande mmoja wa kifua ulikuwa bapa, una kovu.

"Mwaka wa tisa huu. Kijiji hakijui. Shika."

Mwantumu akashika. Pale palikuwa na joto, kama mwili mwingine wowote.

"Panauma?"

"Panawasha mvua ikikaribia."

Lakini ukuta ni wa fito, na mpita njia alisikia. Kabla ya adhuhuri, kisimani walikuwa wakimnong'ona Mwajabu.

Mwantumu akarudi hospitali. Wakamsukuma kwa kitanda, mlango ukafungwa. Wanawake wale watatu wakakaa benchi moja, wakipokezana mtoto. Mlango ulipofunguliwa, kila mmoja alitazama kitu kimoja: shuka limefika wapi? Lilikuwa limeishia mabegani.

Kidonda kilipokauka, Mwantumu akanunua doti ya kanga. Kipande kimoja akajifunga kifuani.

"Cha pili ni cha aliyeniokoa. Tutavaa sare kesho, nikienda daktari aniambie kama saratani imebaki au imekwisha. Chumbani mwake mgonjwa huingia na mtu mmoja tu."

Bi Chausiku akasema, "Changu. Mimi ndiye niliyeiona, na nikakiri kosa mbele ya mkwe wangu. Ningenyamaza je?"

Mashavu akasema, "Wiki tatu ulichana, mama! Changu. Nisingedanganya, asingevuka kizingiti."

Mwajabu akasema, "Na uongo wako ndio uliomkimbiza. Mimi nimetoa siri ya miaka tisa. Nyinyi mmetoa nini?"

Kitoto kikavuta pindo la kanga, kikatia mdomoni. Wakacheka. Kisha wote wakamtazama Mwantumu: mkono wake ulikuwa umeanza kupapasa titi, safari hii lile lililobaki.

Haya, nyie mliokunja miguu hapo, msiniangalie mimi. Kesho mlango wa daktari unafunguliwa. Je, nani avae kipande cha pili?