Samaki Aliyeushindisha Mji na Njaa

Hapo zamani, enzi ambayo masultani walikuwa wengi kuliko miji ya kutawala, palikuwa na mji uitwao Kisimawe, na mtawala wake alikuwa Sultani Zahoro. Sultani huyu hakuwa dhalimu, tusimsingizie. Ila alikuwa mtukufu kupita kiasi. Utukufu wake ulifika hadi mkono wake wa kulia ukawa hauna kazi duniani. Alivishwa na kuvuliwa, alipakwa mafuta, alikunwa alipowashwa, na alipokaa kula palikuwa na mtu maalumu wa kumfinyangia tonge na kumtia kinywani. Kazi yake yeye ilikuwa kufumbua mdomo, na hata huo aliufumbua kwa uvivu.

Katika mji huohuo alikuwako mtu aitwaye Mshamu. Hakuwa na shamba, hakuwa na duka, hakuwa na hata kuku. Kazi yake ilikuwa ugeni. Jua likifika utosini utasikia hodi yake mlangoni pa mtu, na kwa ajabu ya Mungu ikawa ni saa ileile sinia linatoka jikoni. Watu walimwita mdoezi, naye hakukasirika. "Bila mimi," husema, "wema wenu mngemwonyesha nani?" Na kwa kweli walimpenda, kwani alilipa kwa maneno, na wapo wanaolipa kwa fedha wasiochekesha mtu. Aliyempenda kuwapita wote ni Mzee Feruzi, mpishi wa Sultani, ambaye kila siku alimwekea ukoko wa pilau juu ya jani la mgomba, kwenye dirisha la jiko la kasri. Mshamu hakuwa na baba wala mama. Mzee yule ndiye aliyekuwa baba, na ukoko ule ndio uliokuwa mama.

Basi Jumatano moja ikaingia marikebu kutoka Siamu, na nahodha wake akaleta zawadi ya mfalme wa huko: samaki mmoja, mdogo kama kidole cha shahada, ndani ya mtungi. Rangi yake nyekundu na buluu, na mapezi yakimburura nyuma kama joho la bwana harusi aliyeazima la kaka yake mkubwa.

"Bwana wangu," akasema nahodha, "samaki huyu hupigana na kila anayefanana naye, hata sura yake mwenyewe ndani ya kioo haivumilii. Wala hana taabu. Njia nzima hatukumpa kitu, mtungi ulikaa wazi tu sitahani, naye tazama alivyonenepa."

Sultani akafurahi mno. "Huyu ni mfalme," akasema. "Mimi nami sipendi kufanana na mtu." Akaamuru atiwe katika bakuli la kioo, akampa jina la Bwana Shahi, akatangaza mbele ya baraza kwamba tangu siku ile yule si samaki, ni mgeni wake. Nahodha akapewa bahashishi yake, akaenda zake, na balaa likabaki.

Maana Kisimawe ilikuwa na ada ya kale: mwenyeji na watu wake hawatii kitu kinywani mpaka mgeni aonje kwanza. Ni ada njema kabisa, ila walioiweka hawakumfikiria samaki.

Mzee Feruzi akaleta pilau, punje moja moja kwa ncha ya kidole. Punje ikazama, Bwana Shahi akaitazama, akaipa mgongo. Ikaletwa biriani, ikaletwa mikate ya kusukuma, ikaletwa halua iliyokatwa vipande vidogo hata havionekani. Halua akaipokea, akaizungusha kinywani, baraza zima likazuia pumzi, kisha puu! akaitema. "Ameitema!" wakapiga ukelele, na samaki akakimbilia chini ya bakuli. Waziri akasema labda mgeni hajakaribishwa vya kutosha, basi kikafukizwa chetezo cha udi, akaletwa mpiga zumari, na watu wote wa baraza wakalizunguka bakuli wakiinamisha vilemba vyao: "Karibu, Bwana Shahi! Usione haya! Bismillahi!" Kadiri walivyomkaribisha, ndivyo alivyozidi kujibana chini.

Waziri alikuwa mtu aliyependa ada kuliko alivyopenda watu. Akasema, "Mji mzima ni nyumba ya Sultani, basi mji mzima ni wenyeji." Likapigwa la mgambo, na mpiga mbiu akapita mitaani akitangaza kwamba isipokuwa wagonjwa na watoto wachanga, mtu asile mpaka mgeni ale, maji ruhusa. Wauza vitumbua wakafunika vyungu vyao, majiko yakapoa, waume na wake wakaanza kugombana kwa mambo ya mwaka juzi. Sultani mwenyewe alikuwa akinywa dawa ya kifua, na dawa hiyo ilikuwa tende, asali, na nyama kidogo ya kuchoma.

Ilipofika Alhamisi Sultani akaghadhibika. "Mgeni akikataa chakula, aibu ni ya mpishi. Mfungeni Feruzi. Kesho baada ya sala ya Ijumaa, kama mgeni wangu hajala, mpishi hatakuwa tena na kinywa cha kuonjea mchuzi, kwa kuwa hatakuwa na kichwa."

Mchana huo Mshamu akaenda kwenye dirisha la jiko la kasri kama ada yake, mate yamemjaa. Hakukuta jani, hakukuta ukoko, hakukuta moto. Akamkuta mwosha masufuria amekaa peke yake, naye akamweleza yote, tangu maneno ya nahodha hadi kufungwa kwa Feruzi. Mshamu alikuwa akidhani hakuna maumivu duniani kuliko njaa. Siku ile akajua yapo. Akakaa chini ya dirisha akalia, wala hakuona haya kulia. Kisha akajifuta machozi kwa ncha ya kikoi, akazunguka kasri, akaenda mlango wa mbele ambao maisha yake yote hajapata kuupita.

"Hodi!"

"Nani anayepiga hodi siku isiyo na chakula?" akauliza Waziri.

"Ni mimi Mshamu. Leo sikuja kula, bwana Waziri. Nimekuja kulisha."

Akapelekwa mbele ya Sultani, akamshika miguu, akasema, "Mola akuweke, ewe Sultani. Nipe amani nami nitasema."

"Una amani. Sema."

"Bwana wangu, katika mji huu wapishi wapo, waganga wapo, na mawaziri wamezidi. Lakini mwenye kazi ya ugeni ni mimi peke yangu. Niachie mgeni mwenzangu, atakula. Nami sitaki ujira ila kichwa cha Mzee Feruzi kibaki kilipo."

Sultani akamtazama kikoi chake, akamtazama miguu yake yenye vumbi, akaudhika. "Utamlisha nini wewe? Makombo ya mitaani? Huyu ametoka kwa mfalme! Sikiliza sharti langu. Mgeni wangu hatakula ila kitu kilichotoka humu kasrini mwangu, tena kwa kiumbe niliyemlisha mimi mwenyewe, si mpishi wala mtumishi. Nyama yake, yai lake au mtoto wake, vyovyote. Lakini awe nimemlisha mimi. Ukishindwa, kesho mtakwenda wawili."

Waziri akatabasamu ndevuni, kwani alijua njiwa wa kasri hulishwa na mtunza njiwa, paa hulishwa na mtu wa bustani, kasuku na wajakazi, na paka na Feruzi. Sultani hakuwa amemlisha hata Sultani.

"Hewala, bwana wangu," akasema Mshamu. "Nipe mpaka alasiri. Na hawa waungwana watoke, pamoja na zumari lao. Mgeni hali huku amekodolewa macho. Mimi nimekula nyumba zote za mji huu, na pale mama mwenye nyumba anapoanza kuhesabu matonge yangu, pilau hugeuka mchanga kinywani."

Wakatoka wakinung'unika. Sultani peke yake akajificha nyuma ya pazia la mlango wa uani, maana alikuwa na hamu ya kuona. Mshamu akalichukua bakuli, akalipeleka ua wa ndani chini ya dirisha la chumba cha kulala cha Sultani, mahali penye kivuli na kimya, akalifunika kwa kilemba chake kilichotoboka. "Pumzika, ndugu yangu," akamnong'oneza samaki. "Najua. Nyumba ngeni, watu wageni, na kila mtu anataka ushibe ili yeye asifiwe."

Kisha akapita akiuliza. Akamuuliza mtunza njiwa, mtu wa bustani, wajakazi, hata bikizee aliyemlea Sultani: je, bwana wetu amewahi kumtupia kiumbe yeyote japo punje? Wote wakatikisa vichwa. Bikizee akafikiri sana, akasema, "Alipokuwa mdogo alitaka kumpa kuku mtama. Tukamkataza, asichafuke."

Mshamu akarudi uani, akaketi kando ya birika la maji, amekata tamaa. Akamkumbuka Feruzi akimwonya kila siku, "Tafuna polepole mwanangu, ukoko haukimbii," na kifua kikambana. Hapo akahisi kitu shingoni, akajipiga kofi. Mbu. Wa pili akamuuma shavuni. "Na nyinyi mmezidi," akasema. "Mnaingia kwa watu bila kualikwa kama..." Bila kualikwa! Nahodha alisema njia nzima hawakumpa samaki kitu, na mtungi ulikuwa wazi, na samaki akanenepa. Kuna mdoezi aliyekuwa akiingia mtungini bila hodi, na watoto wake ndio waliokuwa wakiliwa na samaki!

Akachota kata moja ya maji birikani, akaiinamia. Ndani yake viluwiluwi wa mbu walikuwa wakijipindapinda, wengi kama watu wa sokoni. Mshamu akainua macho akatazama dirisha la Sultani, dirisha lisilo na pazia. Akacheka peke yake, cheko la kwanza tangu Jumatano.

Akafunua bakuli kidogo tu, upande mmoja, akamdondosha kiluwiluwi mmoja. Bwana Shahi akageuka taratibu. Akatanua mapezi yake yote, akasogea, akatazama kwa jicho la kushoto, akatazama kwa jicho la kulia. Na hapo, chap! Hakutema. Akaletewa wa pili, chap! Wa tatu alimfuata mwenyewe mpaka juu ya maji.

"Amekula!" Sultani akatoka mbio nyuma ya pazia, joho likimtatiza miguu. "Wallahi amekula!"

Watu wa baraza wakaingia kwa kishindo, na Waziri mbele yao. "Amekula, bwana wangu," akasema, "lakini sharti halikutimia. Hawa ni vijidudu vya maji tu. Ni nani aliyewalisha?"

Sultani akakumbuka utukufu wake, akakunja uso. "Kweli. Jibu, Mshamu."

"Nipe amani, bwana wangu, maana jibu lenyewe lina mdomo."

"Una amani."

"Hawa ni watoto wa mbu. Wamezaliwa humu birikani mwako, na mama zao hulala chumbani mwako. Bwana wangu, tafadhali pandisha mkono wa joho."

Sultani akasubiri mtu ampandishie. Mtumishi akampandishia, na mkono ukaonekana umejaa vipele vyekundu kutoka kiwiko hadi vidoleni.

"Watu wengine mbu akiwatulia mwilini humpiga kofi," akasema Mshamu. "Wewe kofi si kazi yako, humngoja mpepeaji, na mpepeaji ni binadamu, husinzia. Basi mbu hula kwako mpaka washibe, kisha hushuka hapa kutaga. Mpishi hakuwalisha. Waziri hakuwalisha, yeye ana chandarua. Umewalisha wewe mwenyewe, kwa mwili wako mtukufu, na hukuwanyima hata siku moja. Samaki amekula watoto wao. Sharti limetimia."

Mshamu alikuwa na nafasi ya kukomea hapo, na mwenye busara angekomea. Lakini alimkumbuka mzee aliyefungwa kamba, akaendelea.

"Nami sikuwachagua mbu kwa dharau, bwana wangu. Nimeuliza kasri nzima kama yupo kiumbe mwingine aliyepata kula kwako. Njiwa hayupo, paka hayupo, yatima hayupo. Duniani kote ni mbu peke yao, na wao hukuwapa, walijichukulia."

Sultani akautazama mkono wake. Akautazama muda mrefu, mbele na nyuma, utadhani ndiyo kwanza ameletewa na nahodha. Watu wakaanza kumwonea Mshamu huruma. Ghafla mpepeaji, ambaye alikuwa amejizuia, akashindwa, kicheko kikamtoka puani. Na Sultani akamtazama, naye kikamtoka, akacheka hata kilemba kikamwanguka. Hakuna aliyethubutu kusogea. Basi akainama, akakiokota mwenyewe.

"Umeniua, Mshamu," akasema akifuta machozi. "Omba utakalo."

"Mfungue Feruzi, na mji ule."

Ikapigwa mbiu, moshi ukapanda juu ya mapaa, na harufu ya vitunguu ikajaa mitaani. Kasrini ikapikwa pilau upesi, na kwa vile mpishi alikuwa bado anafunguliwa kamba, Sultani aliamuru Waziri ndiye apike. Sinia likatandikwa mkekani. Sultani akaketi chini, akanawa, akauliza, "Na wewe mwenyewe, huombi kitu?"

"Mgeni haombi, bwana wangu. Mgeni hukaribishwa."

Sultani akaelewa. Akaingiza mkono siniani, akafinyanga tonge. La kwanza likamomonyoka. La pili likaishia ndevuni mwa Mshamu. La tatu likashikamana, akamnyoshea; lakini Mshamu akamwonyesha kwa kidevu mzee aliyesimama mlangoni, alama za kamba zikiwa bado mikononi. Sultani akainuka na tonge lake, akalipeleka kwa Feruzi. Mzee akafumba macho kama anayengoja upanga, akafungua kinywa, akatafuna.

"Pole sana, Mzee Feruzi," akasema Sultani kwa sauti ndogo. "Je, ni tamu?"

"Mkono ni mtamu, bwana wangu," akajibu Feruzi. "Mchele haujaiva."

Bwana Shahi akatiwa birikani, akala kwa raha zake, na Sultani akalala usingizi ambao hajaulala miaka mingi. Ndipo watu wa Kisimawe walipoamini kweli kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Na Mshamu akarudi kwenye dirisha lake la jiko. Ukoko ulikuwapo kila siku juu ya jani, lakini siku nyingine ulikuwa umewekwa ovyo, nusu jani na nusu ukutani, na paka akigombania uliomwagika. Basi hapo Mshamu hujua leo nani ameuweka, naye huula wote, hata wa ukutani.

Chungu changu kimefika chini. Aliyesikia na ale, ila mgeni wake aonje kwanza, na asimkodolee macho.