Maji Moto Hamjui Mwenye Shamba

Maji moto hamjui mwenye shamba. Ndivyo alivyosema mwenyekiti wa kijiji jana, mgambo walipomleta mwanawe wa kumzaa, aliyeachia mbuzi wakala mihogo ya watu. Akamhukumu kulima shamba lile lile kama anavyowahukumu watoto wa wenzake, na ninyi mkacheka mpaka mkafukuzwa barazani. Leo mnakuja kuniuliza kauli hiyo ameitoa wapi. Haya, nyoosheni miguu, na wewe mwenye simu iweke kando. Kauli haikutoka kwa mwenyekiti. Ilitoka mkoroshoni, na chanzo chake ni hiki.

Maji moto mnamfahamu, ingawa wengi wenu mnamfahamu kwa kukimbia tu. Ni chungu mwekundu anayeishi juu ya miti na kushona majani yakawa nyumba. Akikuuma haishii hapo. Hukushika kwa meno, kisha huinamisha tumbo na kukutilia kwenye jeraha maji yake yanayowasha, ndiyo maana akaitwa hivyo. Tena hana macho ya kukuchagua. Ukigusa mti wake, umegusa.

Basi zamani, hapa kwetu Mnalewa, alikuja kijana mmoja jina lake Chilumba kumwoa Somoe binti Nantende. Sisi ni watu wa ukoo wa mama, na kwetu anayehama ni mwanamume. Huja na jembe lake na mkeka wake, akakaa kwa wakwe. Siku zile kabla hajahesabiwa kuwa mume kamili alikabidhiwa mikorosho ya ukoo aihudumie tangu maua mpaka mavuno. Hakuna aliyemuuliza maswali. Walikuwa wanatazama mkono. Mkono ukionekana una baraka, mkeka wake unabaki. Ukionekana mkavu, anakunja mkeka anarudi kwao, na mke anabaki kwa mama yake kama vile hakuolewa.

Chilumba alimpenda Somoe kupita kiasi, na hakuona haya kulisema. Alikuwa akiamka kabla ya jogoo, akapalilia chini ya mikorosho mpaka pakawa peupe, akakata matawi makavu, akazibua mifereji. Mikorosho nayo ikaitikia. Ilipofika kipupwe, machipukizi yalitoka mengi na maua yakaanza kufunguka, na kila aliyepita njiani alisema huyu kijana ana mkono. Kwa hiyo Bi Nantende, mama mkwe wake, akaona vema aende akajionee.

Hapa inabidi mkumbuke adabu za ukwe, maana nyinyi siku hizi mnapiga picha na mama wakwe zenu mmekumbatiana. Wakati ule mkwe na mkwe hawakutazamana usoni. Wakikutana njiani mmoja alipisha majanini. Neno la maana lilipitia kwa mke, na likikosa budi kusemwa moja kwa moja, lilisemwa kila mtu akiwa amegeuzia uso upande wake. Na Bi Nantende alikuwa mshika adabu kuliko wote. Hakuna aliyewahi kumwona akitembea haraka, wala kanga ikimteleza begani.

Siku hiyo aliingia chini ya mkorosho wa kwanza, akashika tawi kuyatazama maua kwa karibu. Maji moto wakamwagika. Wengine walipita mkononi, wengine walidondoka shingoni, na waliobaki walijua wenyewe walikopitia. Bi Nantende alijikaza kidogo, kisha akashindwa. Akarusha kanga ya juu, akakimbia huku akijipiga mapaja, akapiga yowe lililosikika kisimani. Chilumba aligeuka akakumbatia shina la mti, akafumba macho, akatamani ardhi ipasuke immeze. Hakuweza kumsaidia wala hakuweza kumtazama. Nao maji moto wakapanda wakamuuma yeye pia usoni, na hakuthubutu kuwapangusa mpaka aliposikia nyayo zimeishia mbali.

Jioni Bi Nantende hakutoa malalamiko. Alimwambia Somoe neno moja tu, "Mwambie mumeo, nimefika shambani kwake, nimekuta lina wenyewe."

Somoe alilifikisha neno hilo, na Chilumba hakula. Kesho yake asubuhi mapema alifunga mienge ya nyasi kavu kwenye fito ndefu, akaiwasha, akapita mti kwa mti akiunguza viota. Akafanya hivyo mpaka shamba lote likawa kimya. Mti mmoja tu aliuacha, ule mkorosho mkubwa wa pembeni kwenye makaburi ya ukoo, kwa sababu moto haupelekwi walikolala wazee. Habari zilipomfikia Bi Nantende, alimpelekea ugali kwa kuku aliyefunikwa kawa mpya, na Chilumba akala akijiona amezaliwa upya.

Furaha ile haikukaa. Kabla mwezi mwingine haujaandama, machipukizi yakaanza kunyauka. Vijiti vya maua vilitoka madoa meusi, vikajikunja, vikakauka vikiwa vimesimama, na ukilitazama shamba kwa mbali ungedhani limebabuliwa kwa moto. Wako waliosema hivyo hivyo, kwamba kijana aliunguza mikorosho kwa mienge yake. Wengine wakasema amerogwa na mchumba wa zamani wa Somoe. Lakini neno lililokuwa na uzito lilikuwa la Mjomba Likanga, kaka yake Bi Nantende, maana yeye ndiye aliyekuwa msemaji wa ukoo na ardhi ile ilikuwa mikononi mwake.

"Mkono wake mkavu," alisema Mjomba Likanga. "Mwacheni aokote kitakachoanguka, nitakuja mavuno yakianza. Kisha akunje mkeka."

Somoe alilia mpaka macho yakavimba. Chilumba hakulia mbele yake. Alikwenda kukaa makaburini, kwa sababu huko hapakuwa na mtu wa kumtazama, na hapo ndipo alipoinua macho akauona ule mkorosho mkubwa. Ulikuwa umechanua mpaka matawi yameinama. Wapitaji walikuwa wakisema wazee wanalinda mti wao. Chilumba alikuwa anawaheshimu wazee, ila akajiuliza kwa nini wazee wa ukoo walinde mti mmoja wakati shamba zima ni la wajukuu wao.

Akawa anakuja kila siku kuutazama. Jambo la kwanza aliloliona lilikuwa la viota. Kundi la maji moto lilijipanga kwenye ukingo wa jani, likashika ukingo wa jani la pili kwa meno, likavuta mpaka yakakutana. Kisha walikuja wengine, kila mmoja amebeba kitoto chake mdomoni, kile kifunza cheupe, akawa anakipeleka kwenye jani hili na kukirudisha kwenye jani lile. Kitoto kinatoa uzi, na uzi ndio unaoshona. Wakubwa hawana uzi hata kidogo. Chilumba alicheka peke yake makaburini, kwa kuona kwamba kuna watu wanaojenga nyumba kwa jasho la watoto wao wachanga.

Jambo la pili halikumchekesha. Alimwona mdudu mwembamba mwenye miguu mirefu, yule tunayemwita siku hizi mbu wa mikorosho, akatua kwenye chipukizi la mti jirani uliounguzwa viota. Akachomeka mdomo wake akanyonya kwa raha zake, akahama akachoma pengine. Kufikia alasiri pale alipochoma palikuwa na doa limeloa, na kesho yake doa ni jeusi. Mwenzake alipotua kwenye mti wa makaburi hakumaliza hata kukunja mbawa. Maji moto wa kwanza alimdaka mguu, wa pili bawa, wakaja wengine wakamtandaza kila mmoja akivuta upande wake, wakambeba kiotoni kama chakula cha siku.

Chilumba aliketi chini. Aliona aibu kuliko ile ya siku ya yowe, maana sasa alijua aliyemharibia shamba ni nani. Ni yeye mwenyewe. Alifukuza walinzi kwa sababu walimkosea adabu mgeni.

Dawa aliijua, lakini ilikuwa juu ya mti wa makaburi, na mti huo haukuguswa bila ruhusa ya Bi Nantende. Alimtuma Somoe mara ya kwanza, jibu likarudi kwamba Bi Nantende anaumwa kichwa. Akamtuma tena, kichwa kikawa bado kinauma. Mwishoni akaenda mwenyewe, akasimama nyuma ya ukuta wa jiko huku ameugeuzia mgongo.

"Hodi, mama."

"Karibu, mkwe. Sema ukiwa huko huko."

"Mama, naomba matawi yenye viota katika mti wa wazee. Nataka kuwarudisha maji moto shambani."

Mwiko ukagota chunguni. "Wale walionivua kanga mbele yako?"

"Hao hao, mama."

"Wewe ni mkwe wangu au ni mkwe wa wadudu?"

"Mama, nikitaka kukuridhisha nitawaacha, nawe utaingia shambani bila kuumwa, ila hutakuta ua hata moja. Nilikuheshimu vibaya. Naomba uje uone mwenyewe, halafu uniambie hapana."

Bi Nantende alikuwa na kiburi, lakini hakuwa mtu wa kukataa alichokiona kwa macho yake. Alikwenda asubuhi iliyofuata, akaketi juu ya kigoda mbali na mti, kanga ameifunga mara mbili. Chilumba alikaa upande wa pili amegeukia njia. Bi Nantende alitazama mbu wakila mti mmoja na wakiliwa kwenye mti mwingine, mpaka jua likamfika kichwani. Aliposimama aliwasemesha wadudu wenyewe, si mkwewe.

"Adabu hamna," alisema. "Lakini kazi mnaijua." Kisha akaongeza bila kugeuka, "Kata, mkwe. Usikate la upande wa kaburi la mama yangu."

Basi Chilumba akajipaka majivu mikononi na shingoni, maana maji moto hapendi kukanyaga majivu, akakata matawi yenye viota asubuhi na baridi yake na kuyafunga kwenye mikorosho iliyounguzwa viota. Somoe alishikilia ngazi, akaumwa, akatukana, akaendelea kushikilia. Tamaa ikamwingia Chilumba, akaleta na viota vingine kutoka msitu wa ng'ambo. Lo, vikawa vita. Maji moto wa msituni na wa makaburini walikutana kwenye tawi wakakatana viuno mpaka chini ya mti pakawa pekundu kwa maiti. Kumbe hawa kila ukoo na harufu yake, na asiyenuka kama wewe ni adui ingawa amefanana nawe kama pacha. Akawaondoa wageni, akabaki na ukoo mmoja. Kisha akafunga kamba za mwituni kutoka tawi hadi tawi, zikiwa madaraja, ili wasilazimike kushuka chini ambako chungu wengine huwavizia.

Mkorosho una huruma. Hautoi maua yote kwa mara moja. Machipukizi ya mwisho ya msimu yalipotoka yaliwakuta walinzi wamekwisha kushika zamu, na yakapona. Hayakuwa mavuno ya kupigiwa ngoma, msidanganyike. Mabibo yalikuwa yakianguka hapa na pale, mekundu na ya manjano, na korosho zake nzito, wakati kwenye mashamba ya jirani yasiyo na maji moto, upepo ukivuma zilianguka takataka tupu.

Ndipo Mjomba Likanga akaja na wazee wenzake kutoa neno lake. Alikuwa mtu mnene, mwenye fimbo ya mpingo, hajazoea kupita pembeni. Chilumba alimwonyesha njia iliyofagiliwa kando ya miti, akamwomba apite huko. Mjomba akamtazama kama vile ameambiwa aingilie mlango wa jikoni. Akanyoosha moja kwa moja chini ya mikorosho, fimbo ikagonga kamba, na maji moto wakashuka kwa kamba ile wakamwingia ndani ya kanzu.

Sitawaelezea alivyocheza. Wazee wenzake walitazama miguu yao wenyewe. Alipotoka upande wa pili, kofia hana na jicho moja limefumba, alivielekezea viota fimbo yake.

"Leteni moto," alisema. "Viota hivi vyote viungue sasa hivi. Na huyu kijana akunje mkeka wake leo, asingoje kesho. Anafuga wadudu waniume mimi? Mimi ndiye mwenye shamba hili!"

Somoe alimshika Chilumba mkono mbele za watu, jambo lisilofanywa. Mkwe hamjibu mjomba, naye Chilumba aliinamisha kichwa. Kwa kweli alikwisha kuanza kuwaza mkeka ameuweka wapi.

Bi Nantende alikuwa ameinama anaokota korosho. Akajinyoosha taratibu, kanga yake haijateleza. Maji moto mmoja alikuwa anamtembea mkononi, naye akamwacha atembee.

"Kaka," alisema, "mimi waliniuma kabla yako, na kwa ajili yangu wakachomwa moto. Tuliona kilichofuata. Wewe ulisema ni mkono mkavu, nami nikanyamaza nikijua moto uliwashwa kwa sababu ya yowe langu. Leo sinyamazi. Mlinzi akianza kujua sura ya mkubwa ampishe, kesho atajuana na mwizi pia. Hawa hawajuani na mtu. Ndiyo maana una korosho miguuni pako."

"Kwa hiyo niumwe katika shamba langu mwenyewe?"

"Utaumwa, kaka, kama tulivyoumwa sisi. Chilumba, mwanangu, mkeka wako usiuguse."

Alimwita kwa jina, tena amemtazama usoni, na hilo lilikuwa halijapata kutokea. Mjomba Likanga aliangalia chini akaziona korosho alizokuwa amezikanyaga. Akajikuna shingoni. Kisha akainama akaokota moja, akaipima kwa kiganja, akaitia kwenye kapu la dada yake. Akageuka kurudi, na safari hii alipita njia ya pembeni. Mmoja wa wazee aliponyanyua fimbo kuipiga kamba ya maji moto, ni Mjomba mwenyewe aliyemzuia mkono.

"Iache," alisema. "Maji moto hamjui mwenye shamba."