Fomu ya Afande Nyegere

Hadithi, hadithi, na ije na filimbi!
Ipulize, masikio yako wazi!

"Sijazi!"

"Utajaza, Mama Tunu!"

"Afande, tangu lini mtu akaandika alikoficha asali yake?"

"Tangu tuanze Polisi Jamii! Tutalindaje tusichokijua?"

Mama Tunu alikuwa Pimbi, na chungu chake cha asali kilikuwa kimoja tu. Mwanawe Tunu alikuwa anakohoa, kho, kho, kho, na dawa yake ndiyo hiyo asali. Afande alikuwa Nyegere, mkuu wa kituo, mwenye kifua kipana, tumbo pana na mpango mpana wa kuwa karibu na wananchi. Kila nyumba ilipewa filimbi na fomu. Filimbi ya kuwaita polisi. Fomu ya swali moja: Asali yako umeificha wapi?

Kanga alijaza, asali ikaibwa. Swala alijaza, asali ikaibwa. Kobe alijaza kwa mwandiko mzuri kabisa, ikaibwa siku hiyohiyo. Walipokwenda kituoni kulalamika, walipokewa kwa upendo, wakapewa fomu nyingine.

Pimbi akafikiri. Kisha akatabasamu. "Haya, lete." Akaandika: Asali imo kwenye chungu, nyuma ya mlango.

"Raia mwema!" akasema Nyegere, akimeza mate.

Jumamosi ilikuwa bonanza la polisi na raia, kuvuta kamba. Kuhudhuria ni hiari, asiyehudhuria atakamatwa. Pimbi akaihamishia asali kwenye kibuyu, chungu akakipaka ulimbo wa fenesi ndani kote, mdomoni mwa chungu akapaka asali kidogo. Akambeba Tunu mgongoni na kibuyu chake, akaenda.

Nyegere alifungua bonanza kwa hotuba ndefu kuhusu uaminifu. Halafu akasema, "Endeleeni, mimi napita doria." Pimbi akamfuata, nyatu, nyatu.

Nyegere akaingia nyumbani kwa Pimbi. Akanusa, fu, fu, fu. Akalamba. Akatumbukiza kichwa chote. Kikanasa! Akavuta, wapi! Gu, ukutani. Gu, mlangoni.

Priiiiii! Pimbi akapuliza filimbi. Kijiji kizima kikaja mbio, kamba bado mikononi.

"Jamani, leo polisi wamewahi!" akasema Pimbi. "Wamefika hata kabla ya mwizi!"

"Nakusanya ushahidi," ikajibu sauti ndani ya chungu.

"Kwa kichwa, afande?" akauliza Kobe.

"Nitoeni!"

"Tutakutoa," Pimbi akasema kwa adabu, "ila fomu kwanza. Asali ya watu umeificha wapi?"

"Mimi sijui chochote..."

"Basi turudini tukavute kamba."

"Stoo ya kituo! Nyuma ya magwanda!"

Kobe akaandika kwa mwandiko wake mzuri. Wakaenda, wakachukua kila mtu chake, ndipo wakarudi na jiwe. Pwaa! Chungu kikavunjika, nywele za Nyegere zikabaki kwenye ulimbo. Wakubwa wake waliposikia, wakampa cheti cha kuwahi eneo la tukio.

Hadithi imeishiwa pumzi, filimbi naiweka chini. Funzo lake, enyi watoto wema: mwamini mlinzi wako, wala usimfiche kitu. Hata Pimbi alilishika. Wiki iliyofuata Nyegere, kichwa kikiwa kipara, alibisha hodi akiwa na fomu mpya, na Pimbi akamfungulia mlango.

"Karibu, afande. Asali iko palepale, kwenye chungu kipya."