Vyuma vya Mashavu

Polio ilimwachia Mashavu, muuza vitumbua, miguu mibovu, lakini mdomo haikuugusa. Siku moja alijikokota kwa magongo hadi kwa Daktari Semboja, mtengenezaji wa vyuma vya miguu mwenye jina kubwa mjini.

"Bima unayo?" Semboja aliuliza hata kabla ya salamu.

"Sina, daktari."

"Basi sikupimi. Kachukue vile vya stoo vilivyokosewa, nakupa bure."

Kimoja kilikuwa kirefu, kingine kifupi. Mashavu alishukuru mpaka akapiga vigelegele.

Ijumaa Semboja alimwoza binti yake, na kwenye pilau ya jirani mtu haulizwi kadi. Mashavu aliingia na vyuma vyake, kwichi kwichi, akipepesuka kama mlevi, mpaka akamwangukia mama wa bwana harusi pamoja na sinia lake.

"Niwie radhi, mama," alisema kwa sauti iliyofika hadi upande wa wanaume. "Vyuma hivi ni kazi ya mkono wa Daktari Semboja. Mungu amzidishie!"

Wakwe wakatazamana. Semboja alikuja mbio, jasho likimtiririka.

"Nyamaza, mama! Jumatatu njoo nikupime mwenyewe. Bima achana nayo."

Vipya vilimkaa kama ngozi yake. Alizunguka chumba kizima bila kuyumba.

"Sasa nirudishie vile vibovu," Semboja alisema.

"Nimeshampa jirani yangu Mwanshamba, naye hana bima," Mashavu alijibu, akitoka. "Amefurahi mno! Anauliza wakwe zako wanakaa mtaa gani, akakusifie."