Kiboko Alivyochukua Zamu za Jembe

"Ngano ipo mlangoni!"

"Ifungulieni iingie!"

Haya, imeingia. Endeleeni kupukuchua mahindi, masikio hayana kazi nyingine. Na wewe Mwanakheri, acha kutafuna mbegu.

Hapo kale Kiboko alitwaa bonde zima la mto. Akawafukuza wote waliolima humo, akapanda mahindi matupu, mahindi mpaka macho yachoke. Kikabaki kipande kimoja pembeni, cha Bi Pimbi. Kilikuwa na mihogo, kunde na maboga, na wanawe wanne walikula humo humo.

Kiboko akaja, tindi, tindi, tindi.

"Bi Pimbi, hama. Nataka na hapa."

Pimbi aliogopa, maana hakuwa na pengine pa kwenda. Akasema, "Chukua, bwana mkubwa. Ila sisi tunalima kwa ujima, leo wote kwangu, kesho wote kwako. Mimi nimeshalimiwa. Anayechukua shamba anachukua na zamu zake za jembe. Ukizimaliza, nahama."

"Zamu ngapi?"

"Tatu tu, huko juu mlimani. Kwa Kanga, kwa Nungunungu, kwa Fuko."

Kiboko akacheka. "Hizo ni za asubuhi moja."

Akaenda kwa Kanga, kacha, kacha, akapalilia. Akaenda kwa Nungunungu, kacha, kacha, akapalilia. Akaenda kwa Fuko, kacha, kacha, akapalilia. Wenyeji walilima naye, polepole, wanaulizana habari za nyumbani kila tuta, na siku zikapita.

Akarudi kwa Pimbi anahema. "Nimemaliza. Hama."

"Umemaliza vipi? Mvua imenyesha, kwa Kanga magugu yameota tena."

Akaenda tena. Kacha, kacha, kwa Kanga. Kacha, kacha, kwa Nungunungu. Kacha, kacha, kwa Fuko. Akarudi, kwa Kanga yameota.

Mzunguko wa tatu akapitia bondeni kwake. Mahindi hayaonekani, magugu yameyameza. Wa kupalilia ndio hao aliowafukuza. Akakaa chini akalia.

"Bi Pimbi, nilimieni."

"Tutakuja. Bonde lako ni la siku mia mbili. Nawe utatulimia siku mia mbili."

Kiboko akatazama mikono yake iliyochubuka. "Kaa na kipande chako," akasema, akaingia mtoni, chubwi! Mpaka leo mchana kutwa yumo majini. Waliofukuzwa wakarudi bondeni, kila mtu na kishamba chake.

Ngano imetoka, rudishieni mlango.

Funzo? Mkubwa akija kutaka shamba lenu, msibishane naye, si adabu. Mpeni, na jembe mpeni.