Mama Ngiri Aulizwa Anachopenda

Paukwa.

Pakawa.

Ninyi wakubwa mliokaa nyuma, midomo imeshonwa? Paukwa.

Pakawa.

Haya, sasa nimewasikia. Hapo zamani za kale, zamani ambazo hata wanyama walisumbuliwa na mitihani kama ninyi, palikuwa na kiangazi. Kiangazi kweli. Jua likachoma majani. Likachoma mizizi. Likalinywa dimbwi la Mama Ngiri mpaka chini, likabakisha magamba ya udongo. Ukikanyaga, kwaruu, kwaruu.

Mama Ngiri alikuwa na watoto wadogo, mikia imesimama hivi. Wakimwomba maji, anawaambia kesho. Kesho ikifika, wanaomba tena.

Sasa, mlimani kulikuwa na chemchemi. Chemchemi ile ilikuwa ya korongo. Mnawajua korongo, wale ndege warefu weupe wanaotukimbilia baridi ya Ulaya ikiwazidi. Wakishiba, wanarudi. Wakirudi, nyati wanaingia chemchemini na kwato zao, wanavuruga kila kitu. Mwaka huo Bibi Korongo, mkubwa wao, akatangaza.

"Nataka mtunzaji. Atakaa hapa na watoto wake, atakunywa apendavyo. Ila sisi tunasema Kiingereza, na mimi sitaki kuishi na mtu tunatazamana tu. Njooni mmoja mmoja. Nitawauliza jambo jepesi: ukiwa huna kazi, unapenda kufanya nini?"

Hiyo ndiyo mnayoiita hobi.

Jambo jepesi, lakini wanyama wakaingiwa na baridi. Kila mmoja akafikiria anachopenda, akaona haya. Fisi anapenda kunusanusa milango ya watu. Kanga anapenda kujimwagia vumbi na kuwasema majirani. Mgeni wa heshima utamwambiaje mambo hayo? Wakakimbilia kwa Mwalimu Kasuku.

"Msihangaike," akasema Kasuku. "Jibu ninalo. Ni moja, limeoga, limevaa viatu. Semeni nyuma yangu, kwa Kiingereza: Ninapenda kusoma vitabu, kuogelea, na kusikiliza muziki laini."

"Mwalimu," akasema Kanga, "mimi kuogelea sijui."

"Nani kakuuliza unajua? Sema nyuma yangu."

Wakasema. Asubuhi wakasema, jioni wakasema. Msitu mzima ukawa kusoma vitabu, kuogelea, muziki laini.

Ila Mama Ngiri. Kichwa cha ngiri mnakijua. Anakimbia, pu pu pu pu, halafu anasimama, anajiuliza nilikuwa namkimbia nani.

"Ninapenda kusoma vitabu, ku... Mwalimu, ku nini?"

"Kuogelea."

"Ahaa. Ninapenda kuogelea, na... kabla yake tulisema nini?"

Darasa zima likacheka. Fisi akasema, "Mama Ngiri, kichwa hicho ungekitundika mlangoni kikufukuzie nzi."

"Mwacheni shoga yangu," akasema Kanga. "Watoto wake watalamba umande."

Mama Ngiri akainua mkia. Akaenda zake huku anarudia, kusoma, kuogelea, kusoma, kuogelea. Kijiti kikavunjika, ka! Akatimua mbio. Aliposimama, maneno yote yalikuwa yamebaki nyuma njiani.

Siku ikafika. Bibi Korongo akasimama kwenye kibanda cha matete kando ya maji, mguu mmoja chini, mmoja ameukunja. Watu wakapanga foleni nje. Kila kilichosemwa humo ndani kilikuwa Kiingereza, lakini mimi nitakisema kwa lugha yetu, ama sivyo tutalala hapa.

Akaingia Fisi. "Ninapenda kusoma vitabu, kuogelea, na kusikiliza muziki laini." Hakupumua hata mara moja.

"Vizuri. Kitabu gani umesoma hivi karibuni?"

Fisi akatafuta kichwani. Humo upepo tu, vuuu. "Ninapenda kusoma vitabu, kuogelea..."

"Nimesikia. Hicho kitabu kinasema nini?"

"Muziki laini."

"Ahsante, Bwana Fisi. Pita huku."

Akaingia Kanga, shingo juu. Vitabu, kuogelea, muziki laini.

"Na wewe pia?" akasema Bibi Korongo. "Basi maji hayo hapo. Ogelea kidogo nami nifurahi."

Kanga akayatazama maji. Maji yakamtazama. Kurudi nyuma ni aibu. Akafumba macho. Chubwi! Walipomvuta nje, maskini, alikuwa kama kifaranga. Kumbe unene wote ule ulikuwa manyoya. Akaondoka anachuruzika, nyo, nyo, nyo, akisema ana wageni nyumbani.

Akaingia Kasuku mwenyewe, maana chemchemi hata yeye aliitaka. Akalitoa jibu lake kwa sauti ya puani, tamu, hata majani yakatulia.

"Kiingereza chako kinapita changu," akasema Bibi Korongo. "Sasa, Mwalimu, ukisikia huo muziki, unakumbuka nini?"

Kasuku akafungua mdomo. "Unakumbuka nini?"

"Nakuuliza wewe."

"Nakuuliza wewe."

"Mwalimu, tutakesha hapa."

"Tutakesha hapa."

Ikabidi atolewe kwa ufagio.

Mwisho akaingia Mama Ngiri. Akaingia kinyumenyume, kama ngiri wote wanavyoingia nyumbani. Bibi Korongo akaona kwanza mkia.

"Karibu, mama. Ukiwa huna kazi, unapenda kufanya nini?"

"Ninapenda ku... ku..."

Kichwani kweupe. Hakuna kitabu, hakuna muziki. Akataka kukimbia. Lakini nje akawasikia wanawe wanalamba jiwe lililokuwa na ubichi kidogo, na mdogo wao anakohoa vumbi. Akaona nikinyamaza, hawa hawanywi. Akaokota vipande vya Kiingereza alivyokuwa navyo, akavitupa mezani jinsi vilivyo.

"Mimi... tope."

Nje, Kasuku akajifunika bawa usoni.

"Tope?" akauliza Bibi Korongo.

"Tope. Mimi lala. Geuka huku. Geuka huku. Tumbo baridi. Watoto panda juu. Mimi simama, wao anguka, pwaa."

"Kila siku?"

"Zamani. Sasa tope hakuna. Sasa mimi lala chini kavu, kumbuka."

Bibi Korongo akauliza, "Na mbona umeingia kinyumenyume?"

"Mimi ona nani nakuja nyuma. Simba, yeye hobi yake mimi."

Korongo hana sauti ya kucheka, anacheka kwa kugonganisha mdomo. Kata-kata-kata-kata! Kibanda kikatikisika. Mama Ngiri alipoona hakupigwa, akapata nguvu.

"Na wewe, Bibi. Mguu moja. Wewe penda, ama ile ingine mbovu?"

Bibi Korongo akautazama mguu wake.

"Miaka yote hii hakuna aliyeniuliza," akasema. "Napenda."

Wakaanza hapo, wakazungumza mpaka kivuli kikahama. Bibi Korongo alipotoka, akasema mtunzaji amepatikana.

Fisi akawaka. "Bibi, Kiingereza cha huyu kimevunjika kila kiungo. Mimi sikukosea hata neno."

"Hukukosea, baba. Lakini jibu lako nimelisikia tangu asubuhi kwa kila mdomo. Nikiishi nawe, nitakuwa naishi na nani? Huyu nimemuuliza kanijibu, na yeye kaniuliza. Nataka mwenzangu wa kuzungumza naye."

Siku hiyo watoto wa ngiri wakanywa, gubu gubu gubu, matumbo yakawa ngoma. Mama yao akajibwaga kando ya chemchemi, pwaa.

Mmedhani wenzake walijifunza? Mwaka uliofuata Bibi Korongo akatafuta mtunzaji wa pili, wa bwawa la chini. Akasimama kibandani, akaita wa kwanza. Mara akaona mkia unaingia. Ukakosea mlango, gwaa! Ni Fisi.

"Mimi tope," akasema Fisi. "Mimi lala. Watoto panda juu."

"Una watoto, Bwana Fisi?"

Kichwani, vuuu. "Simba, yeye hobi yake mimi."

Bibi Korongo akachungulia nje. Akaona Kanga, mkia mbele, amepakwa matope mpaka kope. Nyuma yake foleni nzima ya makalio imeshuka mlima mpaka bondeni. Na Mwalimu Kasuku anaruka juu yao, anasimamia: "Kinyumenyume, jamani, kinyumenyume."

Basi wanangu, na ninyi wazazi wao, ukiulizwa unapenda nini, sema unachokipenda wewe, hata kama maneno ni machache na yanachechemea. Jibu la mwenzako litakufikisha mlangoni tu. Likija swali la pili, litakuacha peke yako.

Hadithi yangu imefika, imekaa chini. Anayeitaka aichukue, ila akaisimulie kwa mdomo wake.