Vidoa Kwenye Shuka la Nyati

Hapo zamani za kale, tegeni masikio wanangu, wanyama walipokuwa wakilala vitandani kama sisi, Nyati aliamka akakuta vidoa vyeusi kwenye shuka lake jeupe. Vidogo kama punje za ulezi, lakini dume zima lilitetemeka!

"Lahaula! Nini hiki?"

Akaitwa Fisi, mganga. Fisi akanusa shuka, kisha akamkazia macho Nguchiro, mpangaji wa chumba cha uani. Kanenepa huyo! Mate yakamtoka Fisi.

"Uchawi! Na mchawi ndiye huyu. Nipeni nikammalize porini."

Maskini Nguchiro! Moyo ukamdunda, du! du! du! Akainama, akalowesha kidole mate, akasugua kidoa. Kikaacha alama ya damu iliyokauka. Kunguni! Lakini nani angethubutu kumwambia Nyati mkubwa kwamba kitanda chake kina kunguni? Angekanyagwa palepale.

"Mzee Nyati," akasema kwa adabu, "mganga huwafunika wagonjwa wake gubigubi, maradhi yakajitaja. Leo ajifunike mwenyewe kitandani humu, atutajie mchawi. Akinitaja mimi, anile."

"Hayo ndiyo maneno!" Nyati akafoka. "Mganga, panda!"

Fisi angekataaje? Akapanda, akafunikwa blanketi zito, madirisha yakafungwa. Nguchiro kasimama mlangoni, katega sikio. Kunguni wasipotoka, yeye ni kitoweo.

Mara, chini ya blanketi, kwaru! kwaru! kwaru!

"Haya, mchawi nani?" akauliza Nyati.

"Mchawi ni... aka! Uwii! Mama yangu! Kunguni! Kunguni wananimaliza!"

Fisi huyoo, mbio porini na blanketi kichwani.

Kitanda kikatolewa juani, kikamwagiwa maji ya moto. Subhanallah! Kwenye kamba, kwenye matendegu, kunguni walimiminika hata ukadhani ardhi inatembea, kila mmoja kavimba damu ya Nyati. Nguchiro aliyewajua tangu mwanzo, naye akashika kichwa. Hakudhani ni wengi hivyo.

Nyati, aliyezoea kumkimbiza Simba, akaduwaa.

"Ndio hawa?" akanong'ona. "Na mimi na pembe zangu zote hizi?"

"Ndio hawa, mzee."

"Nami nilitaka kukutoa uliwe. Nisamehe, jirani yangu."

Basi wanangu, kabla hujamwita jirani mchawi, kung'uta kitanda chako.